Residensi yenye mlezi Ulaya: jinsi ya kuomba ukiwa msanii chipukizi

Kila unapofika msimu wa matangazo ya residensi, yaani nafasi za msanii kukaa na kufanya kazi mahali fulani kwa muda, simu yangu hujaa maswali yaleyale. Binti wa Mombasa anayesoma Leipzig: "Kaka, wameandika 'wasanii wa Ulaya', mimi nina pasipoti ya Kenya. Si nitapoteza muda tu?" Kijana wa Bukavu aliyekulia Liège: "Mimi chuo cha sanaa sikusoma, nilifundishwa na mjomba." Dada mmoja wa Malmö mwenye miaka 41: "Hivi mimi bado ni chipukizi?" Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja. Sasa naandika yote mahali pamoja, kwa sababu kila mwaka naona watu wenye kazi nzuri wakijitoa wenyewe kabla hawajatolewa na mtu.

Mwongozo huu ni kwa mchoraji, mchongaji, mpiga picha, mfumaji, mtu wa video au wa kuchapa picha ambaye anaishi Ulaya kihalali na anataka residensi ambayo ndani yake kuna mlezi. Aliyeko Dar, Kampala au Lubumbashi ana milango yake mingine, ila hatua ya 4 hadi ya 6 zitamfaa vilevile.

Kuhusu neno lenyewe: wengine husema "ukaazi wa wasanii". Mimi nitasema residensi, kwa kuwa neno "ukaazi" nalihitaji kwa kibali cha uhamiaji, na kuchanganya hivyo viwili kumeponza wengi.

Residensi ya kawaida hukupa studio, mara nyingi chumba cha kulala, na muda. Yenye mlezi huongeza mtu aliyekutangulia katika kazi, anayekuja studio kwako kwa ratiba na kuzungumza nawe juu ya kile unachokitengeneza. De Ateliers ya Amsterdam, iliyoanza Haarlem mwaka 1963, imejengwa juu ya jambo hilo hasa: wasanii wenye uzoefu huzunguka studio za vijana na kuketi nao. Rijksakademie, iliyopo Amsterdam tangu 1870, hukaa na msanii hadi miaka miwili, na hutoa washauri, karakana na posho. Jan van Eyck ya Maastricht ni ya muda mfupi zaidi. Kuna na nyingi ndogo za wiki sita au miezi mitatu, kwenye miji ambayo huenda hujawahi kuisikia, na kwa anayeanza hizo ndizo ninazozipendekeza kwanza.

Uwe navyo kabla ya kuanza

- Kazi 10 hadi 15 ulizozikamilisha, nyingi ziwe za miaka mitatu ya karibuni.
- Simu yenye kamera nzuri au kamera ya kuazima, na mchana mmoja wa mawingu.
- Pasipoti na kibali cha ukaazi, vyote viwe na muda unaozidi mwisho wa residensi. Angalia tarehe leo.
- Watu wawili wanaoijua kazi yako, walio tayari kukudhamini kwa maandishi.
- Wiki sita. Watu huomba kwa usiku mmoja, na kwenye maombi yao usiku huo huonekana.
- Mtu mmoja wa kukusomea Kiingereza, Kifaransa au Kijerumani chako. Asiwe wa kukuandikia.

Hatua ya 1: Soma neno "Ulaya" kama wakili

Tangazo likisema "wasanii wa Ulaya", neno hilo linaweza kuwa na maana moja kati ya tatu. Ya kwanza ni uraia: wanataka pasipoti ya nchi ya Umoja wa Ulaya. Ya pili ni makazi: wanataka mtu anayeishi kihalali katika nchi fulani, awe na pasipoti ya Kongo au ya Burundi. Ya tatu ni nchi zilizo ndani ya programu ya Umoja wa Ulaya iitwayo Creative Europe, ambayo ramani yake haifanani na ya Umoja wenyewe. Norway na Serbia zimo, hata Tunisia imo. Uingereza na Uswisi hazimo.

Maana ya pili na ya tatu hutumika mara nyingi kuliko watu wetu wanavyodhani. Mfuko wa Culture Moves Europe, unaolipwa na Umoja wa Ulaya na kuendeshwa na Goethe-Institut, taasisi ya utamaduni ya Ujerumani, huangalia unapoishi kihalali na hauulizi ulizaliwa wapi. Kwa hiyo yule binti wa Leipzig anahesabiwa. Kijana wa Tanga mwenye makazi Birmingham ndiye atakayekwama hapo, na itabidi atafute fedha za Uingereza.

Sharti lisipoeleweka, andika baruapepe ya mistari mitatu: naishi nchi fulani, nina kibali cha aina fulani kinachoisha tarehe fulani, je, naruhusiwa kuomba? Jibu lao lihifadhi. Usieleze historia ya maisha.

Kuhusu umri: "chipukizi" kwa kawaida huhesabiwa tangu ulipoanza kuonyesha kazi, si tangu ulipozaliwa. Palipo na kikomo cha umri huandikwa wazi kwa namba. Na hata vikomo huanguka. Tuzo ya sanaa ya Turner ya Uingereza iliwafungia wasanii waliozidi miaka 50 hadi mwaka 2017, na mwaka huohuo kikomo kilipoondolewa ilishindwa na Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar, akiwa na miaka 63. Dada yangu wa Malmö, tuma maombi.

Hatua ya 2: Chagua mlezi kwanza, mji baadaye

Kosa ninaloliona kuliko yote ni mtu kuchagua Berlin au Paris, kisha kutafuta sababu. Mji mzuri bila mlezi anayekufaa ni miezi mitatu ya kutembea makumbusho. Cité internationale des arts ya Paris ina studio zaidi ya 300, na ni mahali pazuri sana pa kukaa, lakini kama unachohitaji ni mtu wa kuketi nawe kila wiki, usihesabu kuwa kila studio ya mjini Paris inakuja na mtu huyo.

Tazama kazi za walezi waliotajwa, zote, si zile mbili maarufu. Kisha jiulize kitu kimoja: huyu mtu amewahi kukabiliana na tatizo lililonikwamisha mimi sasa? Haihitajiki afanye kazi kama yako. Sammy Baloji, mpiga picha wa Lubumbashi ambaye kazi yake hurudi kwenye migodi na kumbukumbu za Katanga, alikuwa chini ya ulezi wa Olafur Eliasson mwaka 2014 hadi 2015 katika programu ya ulezi ya Rolex. Eliasson ni mtu wa mwanga, maji na ukungu. Ukiwatazama kwa juu hawafanani kabisa. (Programu hiyo huwezi kuiomba mwenyewe, watu hupendekezwa. Naitaja kwa ajili ya mfano tu.)

Halafu mtafute msanii mmoja aliyewahi kukaa pale, umwandikie kwa adabu na umuulize: mlezi alikuja mara ngapi hasa? Mlikaa naye wawili au kikundi? Nani alipanga nani awe na nani? Tangazo linaweza kusema "ulezi wa karibu" na ukweli ukawa mazungumzo mawili ya video.

Hatua ya 3: Piga hesabu kabla hujapenda

Chukua karatasi. Upande mmoja andika wanachotoa: posho, nauli, chumba, fedha za vifaa. Upande wa pili andika utakacholipa: kodi ya nyumba yako unayoiacha, chakula, bima ya afya, vifaa, kusafirisha kazi kurudi nazo, na mshahara utakaoukosa ukiacha kazi ya hoteli au ya kutunza wazee. Tuseme posho ni yuro 900 kwa mwezi na kodi yako nyumbani ni 550. Zinabaki 350, na humo kuna chakula cha mwezi mzima, kabla hujatuma chochote kwa mama. Wengi husahau hilo la mwisho kwa sababu halimo kwenye fomu yoyote, lakini limo kwenye maisha yetu.

Onyo: ada ndogo ya kutuma maombi ipo hata sehemu za heshima. Lakini tangazo linalokutaka ulipe mamia ya yuro ili "ushiriki", bila posho, linakupangisha chumba. Liache.

Matangazo ya kweli utayapata kwa TransArtists ya Uholanzi, kwa mtandao wa Res Artis, na kwa On the Move, ambao hukusanya nafasi zenye fedha za safari. Anzia hapo.

Hatua ya 4: Potifolio, yaani mkusanyo wa picha za kazi zako

Hapa ndipo maombi hushinda au hufa. Nimewahi kukaa mara moja kwenye jopo la uteuzi. Tulikuwa na mamia ya mafaili, na picha zilitangulia kufunguliwa kabla ya barua yoyote kusomwa. Kazi yako inaangaliwa kwa dakika chache tu. Kwa hiyo:

a) Piga picha mchana, siku ya mawingu, karibu na dirisha kubwa au nje kivulini. Zima flashi. Simu iwe sambamba na kazi na katikati yake, ili kingo zisipinde. Weka karatasi nyeupe pembeni: ikionekana ya njano kwenye skrini, rangi zako zote zimedanganya. Ombi langu la kwanza lilikataliwa, na nilipolifungua tena baadaye nikaona buluu ya chapa zangu imegeuka kijani kwa sababu nilipiga usiku chini ya taa ya jikoni. Waliangalia kazi ambayo sikuifanya.

b) Kwa kila kazi kubwa au ya sakafuni, ongeza picha moja inayoonyesha chumba au mtu amesimama kando, ili ukubwa ueleweke.

c) Chini ya kila picha: jina la kazi, mwaka, nyenzo, kimo kwa upana kwa sentimita. "Mchanganyiko wa nyenzo" haisemi kitu. Andika wino, karatasi ya risiti, uzi wa katani.

d) Anza na kazi yenye nguvu kuliko zote na umalizie na ya pili kwa nguvu. Zisizoongea na nyingine zitoe, hata kama ziliuzwa. Hasa kama ziliuzwa kwa watalii na wewe mwenyewe hukuzipenda.

e) Video: weka kiungo kinachofunguka bila kuomba ruhusa, na kipande cha dakika mbili. Kijaribu kwenye simu ya mtu mwingine.

f) Faili la PDF lisizidi ukubwa waliosema, na jina lake liwe jina lako na mwaka. Faili liitwalo "mwisho kabisa 3" likishapakuliwa halipatikani tena.

Jambo moja gumu zaidi ya kamera. Usijivike Uafrika kwa ajili ya jopo. Kama kanga imo kwenye kazi yako kwa sababu ndiyo mada yako, iweke na useme unaifanyia nini. Kama imeingia wiki ya mwisho kwa kuwa umefikiri ndicho wanachotarajia, itaonekana imebandikwa. Na kinyume chake ni kweli: usifiche ulikotoka. Aliyejifunza kwa mafundi wa Tingatinga Dar es Salaam, wanaochora kwa rangi za mafuta zing'aazo kama Edward Saidi Tingatinga alivyofanya hadi kifo chake mwaka 1972, amepita kwenye shule ya kweli. Aiandike.

Hatua ya 5: Maelezo ya msanii

Maneno 200 hadi 300. Yaandike kwa Kiswahili kwanza. Sisemi hivi kwa ajili ya mapenzi ya lugha tu, ingawa nayo ninayo. Ukianza kwa Kiingereza utaokota maneno ya matangazo ya maonyesho, na utafanana na kila mtu. Kwa Kiswahili utalazimika kusema mkono wako unafanya nini.

Dhaifu: "Sanaa yangu inachunguza utambulisho, kumbukumbu na uhamiaji."

Yenye uhai: "Nachapa maneno ya kanga za marehemu bibi yangu kwenye karatasi za risiti za duka. Karatasi hizi hufifia, nami hurudi kuchapa upya juu ya kilichofifia."

Ya pili ina utambulisho, kumbukumbu na uhamiaji ndani yake bila kuvitaja. Ikishasimama kwa Kiswahili, ndipo uitafsiri na umpe msomaji wako aikague.

Hatua ya 6: Andiko la mradi, yaani swali lako kwa mlezi

Kwenye residensi ya kawaida unaahidi kitakachotoka. Kwenye residensi yenye mlezi, nguvu iko kwenye kile usichokijua bado. Ukiandika mradi uliokwisha kila kona, jopo litajiuliza mlezi wa nini. Andika swali moja la kikazi, useme umejaribu nini, na kwa nini mtu huyu. Kwa mfano:

"Chapa zangu zimefika urefu wa mita mbili, lakini bado nazitundika ukutani kama picha ndogo. Nimejaribu kuzining'iniza katikati ya chumba, zikajikunja. Nataka kujifunza karatasi isimame vipi sakafuni, na nimechagua hapa kwa sababu mlezi aliyetajwa amefanya kazi na karatasi inayobeba uzito wake yenyewe."

Ongeza ratiba fupi ya miezi, na bajeti ya vifaa kama wanaitaka. Habari za mateso ya safari yako ya kuja Ulaya ziweke tu kama kazi yenyewe inazibeba. Huna deni la kumwonyesha mtu kovu ili akupe studio.

Hatua ya 7: Wasifu na wadhamini

Kurasa mbili zinatosha. Kwenye elimu, uanagenzi ni elimu: "2012 hadi 2015, uanagenzi wa uchongaji kwa fundi, Lamu" ni mstari halali. Wadhamini waambie wiki nne kabla, na uwapelekee andiko lako ili wasiandike sifa za jumla.

Hatua ya 8: Tuma siku mbili kabla

Hapa saa yetu hutuponza. "12:00" kwenye tangazo ni saa sita mchana, si saa kumi na mbili. "23:59" ni dakika moja kabla ya saa sita usiku, mara nyingi kwa saa ya Ulaya ya kati. Ukiwa likizoni nyumbani Afrika Mashariki wakati wa baridi ya Ulaya, saa yako iko mbele kwa saa mbili. Wakati wa kiangazi, saa moja. Tuma, kisha hifadhi picha ya ukurasa wa uthibitisho.

Hatua ya 9: Usaili

Huwa dakika 15 hadi 20 kwa video. Kaa studio, au popote kazi zako zilipo, uwe na kazi mbili karibu za kuinua mkononi. Swali litakalokuja hakika ni: utautumiaje muda wa mlezi? Jibu lako liko hatua ya 6. Nawe uliza moja, kwa mfano mlezi huendelea kuwasiliana na msanii baada ya muda kwisha au la.

Hatua ya 10: Ukishapata, karatasi kwanza

Kibali cha ukaazi cha nchi moja ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, hukuruhusu kuwa katika nyingine hadi siku 90 ndani ya siku 180. Residensi ya miezi minne nchi jirani inapita hapo, na utahitaji viza ya muda mrefu au kibali cha nchi hiyo. Kuingia bila viza kwa miezi mitatu hakumaanishi kuruhusiwa kulipwa, kwa hiyo muulize mwenyeji posho yako inahesabiwaje kisheria. Uingereza na Ireland ziko nje ya Schengen: kibali cha Ujerumani hakikufikishi London, wala cha Uingereza hakikufikishi Ghent. Omba barua ya mwaliko yenye tarehe, anwani, posho na bima. Kama bado unasubiri uamuzi wa hifadhi, tafuta residensi ndani ya nchi uliyopo, na umwone mwanasheria wako kabla ya kuvuka mpaka wowote.

Hatua ya 11: Kumtumia mlezi

Hili sikuambiwa na mtu, na lilinigharimu mwezi mzima. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa akisema, mdogo hupokea. Mlezi wangu wa kwanza alikuja, akasema rangi nyekundu iondoke, nikaiondoa. Wiki iliyofuata akasema kitu kingine, nikakifanya. Wiki ya tatu akaketi, akaniuliza: "Wewe unaamini nini?" Alikuwa akisubiri nibishe. Kwake, ukimya wangu haukuwa heshima, ulikuwa kutokuwepo.

Kubisha kwa adabu inawezekana, na Kiswahili kimetufundisha njia nyingi. Sema: "Nimekusikia. Nyekundu naiacha, na sababu yangu ni hii." Kisha uonyeshe. Kabla ya kila ziara andaa kazi mbili ukutani na swali moja kwenye karatasi. Akiondoka, andika papo hapo alichosema, kwa maneno yake, bila kuamua kama ni kweli. Usibadilishe kazi siku hiyohiyo. Lala nayo.

Mambo yakikwama

Mlezi haji. Hesabu ziara mlizoahidiwa na zilizofanyika, umwandikie mratibu mapema, wiki ya tatu na si ya mwisho, ukiomba tarehe mpya. Omba na mgeni wa badala kama yupo.

Posho imechelewa. Uliza kwa maandishi, taja kifungu cha mkataba. Ndiyo maana usisafiri bila mkataba uliosainiwa, na ndiyo maana uende na fedha za mwezi mmoja kama inawezekana hata kidogo.

Kibali kinaisha katikati ya residensi. Omba kukihuisha kabla ya kuondoka na ubebe ushahidi wa maombi, ila uliza idara ya uhamiaji kama ushahidi huo unakuruhusu kutoka na kurudi. Si kila mara unaruhusu.

Una mtoto. Uliza kabla ya kuomba, bila kuomba radhi. Zipo residensi zinazopokea familia, na zipo zinazokubali ugawe muda vipande viwili.

Lugha inakupa hofu kwenye usaili. Sema mwanzoni kwamba utazungumza taratibu, na uoneshe kazi zaidi ya maneno. Hakuna jopo makini litakalokupunguzia alama kwa sarufi.

Umekataliwa. Andika mistari miwili ya shukrani, uulize kama wanatoa maoni. Wengi hawatoi, baadhi hutoa. Kisha badilisha kazi tatu kwenye potifolio, acha andiko lako lisomwe na mtu asiyekupenda sana, na uombe tena mwaka unaofuata palepale. Mimi niliingia mara ya tatu, kwa swali lilelile, nikiwa na picha zilizopigwa mchana.